Taa Zinazomulika Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba

Ukaguzi wa gari ni Ijumaa. Mwaka jana mkaguzi, mzee mwenzangu, aliandika "taa hafifu" akanipitisha kwa huruma. Sasa amestaafu. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, anajua kwamba amestaafu.

Jana mezani aliniuliza, kwa adabu zote, kama gari likishindwa ukaguzi nitakubali lichukuliwe Jumamosi na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilisema nakubali. Kulikuwa na wageni! Gari lake yeye huwasha taa lenyewe giza likiingia. Hulizungumzia kama mtu anayemtaja mwanawe aliyefaulu mtihani.

Langu lina miaka thelathini na minne. Ndilo lililotuvusha mpaka: mke wangu, binti yetu akiwa mchanga, sanduku moja. Siku ile nilisema tutarudi nalo. Sijatengua kauli.

Mkakati: balbu mpya. Kali.

Jumanne, 4 Novemba

Nimenunua balbu nyeupe za wati mia. Muuzaji alinionya kwamba hizo ni za magari ya mashindano ya porini. Nilimwambia kwamba nami nashindana.

Maelezo ndani ya boksi yako kwa lugha sita. Nasoma nne kati ya hizo. Sikusoma hata moja. Kubadilisha balbu si falsafa. Kifuniko cha mpira, kibanio cha waya, plagi. Dakika arobaini na mchubuko mmoja. Balbu ya kulia ilipasuka baada ya dakika mbili.

Mke wangu aliisoma ile karatasi kwa sauti, katika lugha ya tatu. Kioo cha balbu kisiguswe kwa vidole, maana mafuta ya ngozi hukipasua kikipata moto. Mimi nilikuwa nimetoka kupaka mafuta ya nywele.

Nimerudi dukani. Muuzaji aliuliza mashindano yanaendeleaje.

Jumatano, 5 Novemba

Majaribio, giza likiingia. Usukani wetu uko kulia, kama kwetu, na hapa watu huendesha upande wa kulia. Kwa hiyo mke wangu ndiye anayekaa katikati ya barabara. Miaka thelathini na mmoja ndiye anayechungulia na kuniambia kama naweza kulipita lori. Hajawahi kukosea. Hukosea katika mambo mengine.

Mwanga wa ajabu! Kila gari lililokuja mbele yetu lilitupigia taa. Nilidhani wanatupongeza, nikawajibu. Mke wangu alisema hajawahi kusikia pongezi zenye honi ndefu namna ile. Alikuwa amejifunika macho kwa mtandio, kwa sababu wale niliowajibu nao walikuwa wakinijibu.

Jambo moja sikulielewa. Ukingo wa barabara upande wangu ulibaki giza tupu. Tulipofika kwa mkwe kumwonyesha, niligonga pipa lake la taka, lililokuwa mahali pake halali. Alitoka na ndala. Aliokota maganda ya viazi moja baada ya jingine. Hiyo ndiyo silaha yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Kwa fundi, gereji yenye milango miwili nyuma ya kiwanda cha mikate. Hakufungua hata boneti. Aliniambia nielekeze gari ukutani, akafunga milango, akasema washa. Mwanga ulikuwa umekatwa sawasawa kama kwa rula, kisha ukapanda kilima upande wa kushoto.

Alieleza taratibu, kama daktari anayechagua maneno. Taa ya gari huinuliwa upande mmoja ili imulike ukingo na waenda kwa miguu, bila kumpiga usoni dereva anayekuja. Hizi zangu zinainuka kushoto.

"Ndiko ukingo uliko," nilisema.

"Wapi huko, mzee?"

Usukani kila mtu aliuona. Taa hakuna aliyezifikiria. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikimulika ukingo wa barabara nyingine. Balbu za zamani zilikuwa hafifu mno, hata kosa halikuonekana. Nimelinunulia kosa wati mia mbili.

Fundi alisema anaweza kutafuta taa nzima za upande wa hapa, kazi ya saa moja tu. Nilikataa. Tukirudi, zitakuwa zimekosea tena. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya tairi akinywa chai ya fundi. Aliuliza bila kuinua kichwa:

"Tunarudi lini, bwana?"

Nilimuuliza fundi kama kuna njia nyingine. Ipo. Wasafiri hubandika pembetatu ya utepe mweusi kwenye kioo cha taa, kuziba kile kilima. Sheria inaruhusu, kwa wageni wanaopita.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilikata pembetatu mbili kwa kipimapembe alichokitumia binti yangu shuleni. Nyuzi kumi na tano kamili. Nimeridhika nazo.

Mkaguzi mpya ni mwanamke makini, miwani imening'inia shingoni. Aliuliza utepe ni wa nini. Nilisema mimi ni mgeni, napita. Alivaa miwani, akasoma kadi ya gari. Akaisoma tena. Akauliza niliingia nchini lini. Nilimtajia tarehe, na saa, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Alimtazama mke wangu, aliyekaa ndani ya gari, mkoba mapajani, kama mtu aliyewahi mno stesheni.

"Na mnaondoka lini?"

"Karibuni."

Alivua miwani. Kisha akagonga muhuri. Alisema utepe wa mgeni ni wa miezi mitatu.

"Kama mtakuwa bado mpo, mzee, njoo na taa za hapa."

Ushindi!

Jumamosi, 8 Novemba

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja saa tatu. Nilimwonyesha muhuri kupitia dirisha. Aliuliza kama nina friji mbovu.

Mkwe alikuja saa nne na boksi. Ndani mna taa mbili za upande wa hapa. Amezitafuta mwenyewe, amezisafisha vioo, ameweka na skrubu zake kwenye bahasha. Nilisubiri kejeli.

"Baba, gari libaki," alisema. "Ila unaowapiga taa machoni wanakuja upande aliokaa mama."

Nilimshukuru. Sijagundua bado mbinu yake ni ipi. Boksi nimeliweka kwenye buti, chini ya lile sanduku tulilovuka nalo mpaka.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi nimepima mwanga ukutani kwa chaki. Utepe unakula theluthi nzima. Jawabu liko wazi: balbu kali zaidi. Muuzaji anazo za wati mia moja na thelathini. Alipumua kwa nguvu kwenye simu, akaahidi kuniwekea. Safari hii nitavaa glavu.

Mke wangu ameleta kalenda na kalamu. Anataka nimwonyeshe ndani ya miezi hii mitatu tunaondoka tarehe ngapi, ili amwage mchele wa zamani na awaage majirani.

Nimemwambia tusiandike kwanza. Balbu zinafika Jumanne.