Vinzi Kwenye Meza ya Bwana

Jumatatu, 15 Februari 1993. Kibwezi.

Leo historia ya tiba imegeuka, na imegeukia maabara ya shule yetu, ambako mimi ndiye mwosha chupa. Kwenye rundo la majarida ya msaada nimesoma kwamba wazungu wanatoa seli za neva kwenye ubongo wa vinzi vya matunda, wanazikuza kwenye visahani vya kioo na kuzichunguza. Kinzi! Hiki hiki kinachozunguka ndizi zetu!

Nikamfikiria mama papo hapo. Ana Parkinson, daktari alishasema. Mkono wa kulia hautulii. Miaka kumi na tisa amegawa vikombe vya meza ya Bwana. Mwezi huu shemasi Mulei akamwondoa, eti anamwaga. Mama hakulia. Alikunja kitambaa cheupe vizuri, akamkabidhi. Aliyelia ni mimi, chooni.

Jarida halikutaja Parkinson. Hilo nimeliongezea mwenyewe. Meza ijayo ni tarehe saba Machi, kwa hiyo nina wiki tatu za kupata dawa. Zinatosha.

Ijumaa, 19 Februari

Chupa sita za jemu. Ndizi zilizooza, hamira, pamba mdomoni. Zote chini ya kitanda changu. Vinzi vinaingia bila kualikwa! Mwalimu Hasina wa biolojia ameuliza hadubini ya shule imekwenda wapi. Nikamwambia inafanyiwa ukarabati. Si uongo, nina nia ya kuifuta vumbi.

Alhamisi, 25 Februari

Kukipasua kinzi kwa wembe ni kazi ya watu wenye imani. Marehemu ni thelathini, na kidole changu kina bandeji. Hatimaye nikapata kitu cheupe. Ubongo! (Au tumbo.) Nikakiweka kwenye kifuniko cha soda, ndani ya supu ya mbuzi niliyoichuja mara tatu. Jarida linadai chakula maalumu. Kama kuna kilicho maalumu kuliko supu ya mbuzi, hakijafika Ukambani.

Jumatatu, 1 Machi

Seli zimechipuka! Nyuzi nyeupe kila upande! Sikuweza kujizuia, nikamwonyesha Hasina. Akachungulia, akaniuliza kama kwetu huwa tunafunika mkate. Anasema ni ukungu. Kisha akabeba hadubini, akaenda nayo. Wivu tu.

Alhamisi, 4 Machi

Mulei amepita kwetu, akanusa hamira, akaenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa kuwaambia napika kaluvu. Mimi! Pombe! Nyumbani kwa mama! Wazee wanakuja kesho kupekua. Mama akataka kujua chini ya kitanda kuna nini. Nikamwambia ni sayansi. Akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaniomba nisimwongezee aibu juu ya ile aliyo nayo.

Iliniuma sana. Halafu nikapata wazo.

Ijumaa, 5 Machi

Wazee wamepekua mpaka ndani ya viatu. Patupu! Mulei alinusa godoro langu mara mbili, na sidhani atarudia. Chupa ziko kanisani, kwenye kabati la chumba cha mchungaji. Kufagia huko bado ni kazi ya mama, na ufunguo uko kwetu. Nani atatafuta pombe kanisani? Pamba nimezilegeza kidogo ili vinzi vipate hewa. Mimi si mkatili.

Jumapili, 7 Machi

Ai, mwaitu, mama yangu! Nilisahau jambo moja dogo. Juisi ya zabibu inakaa kwenye kabati lile lile.

Mulei alitoka na sinia la vikombe, na wingu zima la vinzi nyuma yake. Akapunga mkono mmoja, sinia likainama, vikombe kumi vikaishia kwenye shati jeupe la mchungaji. Akaweka sinia mezani, akaanza kupigana na hewa mbele ya washarika. Vinzi vikatua kwenye vikombe vilivyobaki. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, nikiomba paa lituangukie.

Hapo mama akainuka. Alitembea polepole hadi mezani, akanyoosha mkono wa kulia juu ya sinia. Hakuupunga. Aliuacha tu, ukatetemeka wenyewe. Hakuna kinzi hata kimoja kilichothubutu kutua. Mchungaji akamwashiria, akabeba sinia mwenyewe, wakaenda pamoja benchi kwa benchi, mkono wa mama juu ya vikombe. Aliponifikia aliniangalia kwa jicho linalojua kila kitu.

Jioni ameniambia ni mara ya kwanza kwa mwaka mzima hakuuficha mkono ule ndani ya leso. Nikalia tena. Safari hii si chooni.

Jumatatu, 8 Machi

Mchungaji amekuja, shati jipya. Amesema mama atahudumu kila mwezi pamoja naye, vinzi viwepo visiwepo, na Mulei apende asipende. Mama akafurahi mpaka akamchinjia kuku. Mgeni alipoondoka, akaniamuru nikamwage chupa zote, na nisiguse tena mdudu yeyote maisha yangu yote. Nikaapa.

Nimemwaga tano.

Maana nimelala nikiwaza. Bila vinzi, Mulei hatauliza mkono wa mama ni wa kazi gani? Mchungaji ameahidi, sawa, lakini mimi sipendi kubahatisha mambo ya mama yangu. Meza ijayo ni tarehe nne Aprili. Ndizi nimeshanunua, na ufunguo bado uko mfukoni.