Vichupa Kumi na Viwili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Profesa katangaza kwamba Ijumaa atateua msimamizi wa kazi za nje. Tunaoweza kufikiriwa ni wawili tu, mimi na Mabuti. Msimamizi anapata meza yake, anapata pikipiki ya mradi, na jina lake linabandikwa mlangoni. Nimeshaupima mlango kwa rula. Jina langu linaenea, hata nikiweka na la babu.

Mabuti ni dada ninayefanya naye kazi, yeye ng'ambo ya pili ya mto. Tunamwita hivyo kwa sababu havui mabuti yake ya mpira hata ofisini. Sheria ya mradi inasema hakuna kuingia mtoni bila mabuti, maana konokono wa majini huachia vijidudu vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi. Sawa. Lakini mimi nimeingia mtoni peku miaka miwili, nikichota maji ya kupimwa na kuhesabu hao hao konokono, na sijapatwa na kitu. Mabuti yananibana vidole na kunitembeza kama bata. Huwa nayaning'iniza begani. Profesa akitokea na kamera, nayavaa.

Maji tumeshayapima. Konokono tumeshawahesabu. Sasa ni zamu ya watu, ijulikane mto unawafanya nini wanaoutumia. Upande wangu una nyumba kumi na mbili, namba moja ukingoni kabisa, namba kumi na mbili juu kilimani. Kila nyumba mtu mmoja, aliyeteuliwa kwa kura. Kila mtu kichupa kimoja cha mkojo. Kitolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya kichocho yanapotoka kwa wingi, na mtu aruke kwanza mara ishirini ili mayai yatikisike yashuke.

Kazi ya kitoto! Kesho saa tano nitakuwa nimemaliza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Vichupa vilivyojaa: sifuri.

Namba moja kanifukuza kabla sijamaliza salamu. Namba nne kauliza mkojo wake unaenda wapi na utarudi lini. Namba tisa ni mwalimu mkuu mstaafu. Kanisikiliza kwa heshima zote, kisha kasema mara ya mwisho aliruka akiwa mwanafunzi, na hata siku hiyo alichapwa. Kafunga mlango taratibu, kitu ambacho kinauma kuliko kuubamiza.

Halafu namba kumi na moja. Namba kumi na moja ni nyumbani kwangu! Na kura, kwa ukatili wake, imemwangukia mama mkwe.

Nimesimama sebuleni na kichupa mfukoni nusu saa nzima. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Mtu anaanzaje? Shikamoo mama, tafadhali ruka? Mimi hata kukohoa mbele yake najiuliza mara mbili. Mwishowe nimemwambia mvua inaonekana itanyesha. Kanijibu kwamba mbingu ni nyeupe pee. Nikatoka.

Kutoka kilimani nimemwona Mabuti ng'ambo ya pili. Alikuwa uani kwa watu, anaruka! Anaruka yeye, na mabuti yake, na vikongwe wanaruka naye, na watu wanavunjika mbavu kwa kicheko. Saa saba karudi ofisini na vichupa vyake kumi na viwili. Profesa kampa mkono. Mimi nimesema vyangu viko mbioni.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nina akili mimi! Sijui kwa nini huwa nazificha.

Hesabu ni hii. Mkojo ni mkojo. Darubini, yaani mama wa maabara, hachungulii nyuso za watu, anachungulia mayai. Mimi sina kichocho. Basi vichupa kumi na viwili vya kwangu vitasoma sifuri, upande wangu utaonekana ni wa watu wenye afya njema, na hakuna atakayedhurika. Ni kama jambo la huruma.

Ila mjinga angejaza vyote kwa mkupuo mmoja. Mimi si mjinga. Vingefanana rangi. Nikapanga kichupa kimoja kila dakika ishirini, kuanzia saa nne kamili hadi karibu na saa nane, na kikombe kikubwa cha maji katikati. Hata kuruka nimeruka, kwa sababu mimi ni mtu wa sayansi na utaratibu ni utaratibu. Mara ishirini kwa vichupa kumi na viwili, jumla mara mia mbili na arobaini. Nyuma ya choo cha nyumbani, kwenye jua kali. Kufika kichupa cha saba magoti yalikuwa yanaongea. Kufika cha kumi na mbili kilichotoka ni maji matupu, unaweza kumpa mgeni.

Mama mkwe aliniona nikiruka na kuingia, nikitoka na kunywa, nikirudi kuruka. Kamwita mke wangu pembeni. Mke wangu kaja kuniuliza, kwa upole mno, kama kuna jambo linanisumbua kazini.

Saa tisa nimepanga vichupa vyangu mezani kwa Darubini, lebo safi, namba moja hadi kumi na mbili. Mabuti kaviangalia, kaniangalia. Sikumpa nafasi ya kuuliza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mimi ni shujaa wa bonde zima la mto!

Profesa kaniita asubuhi. Macho yanang'aa, miwani imening'inia kwenye uzi. Kwenye kompyuta kuna grafu. Nyumba namba moja mayai mia moja na kumi na nane. Namba mbili mia moja na moja. Namba tatu themanini na saba. Na hivyo hivyo inashuka, mstari umenyooka kama umepigwa rula, mpaka namba kumi na moja mayai manne na namba kumi na mbili yai moja. Profesa kasema katika miaka ishirini na mbili ya kazi hajawahi kuona takwimu zinazoonyesha waziwazi hivi kwamba kadiri mtu anavyokaa karibu na mto ndivyo anavyoumwa zaidi. Kaniuliza nimefanyaje. Nimesema ni kujituma.

Grafu ya Mabuti ni vurugu tupu. Nukta huku, nukta kule, kama mtu kamwaga dengu. Maskini. Nimempa pole.

Darubini peke yake hakucheka. Kaniuliza kama watu wote kumi na wawili walikuwa wamekunywa maji mengi siku hiyo. Nimesema ni watu wa mtoni, maji ni mazoea yao. Kasema ahaa. Siipendi ahaa ya yule mama.

Dawa imekuja boksi moja tu. Profesa kaamua kwa kufuata grafu yangu. Jumatatu watapewa wa nyumba namba moja hadi nane. Namba tisa kwenda juu wako salama, watasubiri shehena nyingine baada ya miezi mitatu. Uamuzi wa kisayansi! Kwa ajili yangu!

Alhamisi hiyo hiyo, jioni

Afadhali nisingerudi nyumbani.

Nilikuwa namwambia mke wangu kuhusu pikipiki. Hakuwa ananisikiliza. Kanivuta jikoni kaniambia kwa kunong'ona kwamba mama yake anakojoa damu. Wiki ya sita sasa. Alikuwa anaficha kwa aibu, hasa aibu ya mkwe wake, maana mkwe ndiye mtu wa mradi. Mama huyu hufua nguo zetu zote pale kwenye mawe ya mtoni, miguu ndani ya maji, asubuhi nzima. Mashati yangu ya kazini, yeye ndiye anayeyafua.

Mke wangu kafurahi kwamba mradi umeshapima. Kauliza kichupa cha mama kimesema nini.

Mayai manne. Salama. Asubiri miezi mitatu.

Nimeshindwa kula. Nimemwona kibarazani anajisugua ubavuni akidhani hakuna anayemtazama, na nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Lazima nifanye jambo. Jambo la akili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango: kuwahi maabara kabla ya watu, nibandue lebo ya kichupa namba kumi na moja, niibandike kwenye kichupa namba moja, kisha niseme lebo zilichanganyikana, Darubini apime upya. Mama mkwe anapata mayai mia moja na kumi na nane na dawa yake. Namba moja anapata manne, na yule alinifukuza, tutakuwa tumelipana. Hakuna anayeumia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko ndani. Lebo ya kumi na moja iko kwenye kidole gumba. Ya namba moja iko kwenye meno. Nikasikia mtu anakoroga chai.

Darubini! Alikuwa amekaa kwenye kona muda wote. Kasema anafika mapema siku hizi, kuna jambo linamkosesha raha. Kasema hajawahi kuona watu kumi na wawili, wa kike kwa wa kiume, mdogo wa miaka saba na mkubwa wa miaka themanini, ambao mkojo wao unazidi kuwa mwepesi kwa kufuata namba za nyumba.

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na miwili tayari, mmoja mzuri sana. Lakini nikamkumbuka mama mkwe na ule ubavu. Nikatema lebo, nikapiga moyo konde, nikasema yote, kuanzia mlango wa mwalimu mstaafu hadi mruko wa mia mbili na arobaini. Nikasema mama yangu mkwe anaumwa na anahitaji dawa, wanifukuze lakini apewe.

Darubini kaweka kikombe chini. Kisha kauliza swali moja tu. Haya mayai mia moja na kumi na nane, basi, ni ya nani?

Nikatazama mabuti yangu begani, makavu.

Kisha miguu yangu.

Profesa alipofika alisikia habari yote akiwa amesimama. Kaifuta grafu kwenye kompyuta. Halafu kasema kwa sheria natakiwa kuondoka. Ila dawa ilikuwa inakwenda kwa watu wasioihitaji, na mimi nimekiri kabla haijatoka. Nitabaki kwa masharti. Nirudie nyumba zote kumi na mbili, nivae mabuti, na niwe chini ya msimamizi mpya.

Msimamizi mpya ni Mabuti. Jina lake ni fupi. Mlangoni limebaki pengo kubwa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeruka mbele ya kadamnasi. Amri ya Mabuti. Kasema watu hawakatai kutoa mkojo, wanakataa kuchekwa peke yao, kwa hiyo anayeomba ndiye anayeanza kuruka. Nimeruka na mabuti, pwata pwata pwata, na mtaa mzima umetoka kushuhudia bata. Namba moja kacheka mpaka kakaa chini, kisha karuka. Namba nne karuka na wajukuu. Mwalimu mkuu mstaafu katazama dakika tano, kavua koti, kalikunja vizuri, karuka mara ishirini na moja. Kasema ile moja ni ya siku aliyochapwa.

Namba kumi na moja nimebaki nje ya uzio. Mabuti kaingia peke yake. Nimewasikia wanawake watatu wanaruka na kucheka, na moja ya sauti hizo ilikuwa ya mama mkwe. Sijaisikia hiyo sauti tangu harusi.

Vichupa kumi na viwili kabla ya saa saba! Vyote vya wenyewe.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Matokeo yalitoka Ijumaa iliyopita. Grafu ni vurugu tupu, dengu zilizomwagika kama za ng'ambo ya pili, na Profesa anaitazama kwa furaha. Karibu na mto au mbali, haikuwa na uzito wowote. Wenye mayai ni wale wanaofua kwenye yale mawe na watoto wanaoogelea hapo hapo, hata wakilala juu kabisa kilimani. Namba moja, aliyeko ukingoni, hana hata yai. Hufulia kisimani.

Kamati ya bonde imekubali mambo mawili. Boksi la pili la dawa limeletwa baada ya siku nne, si miezi mitatu. Na pale kilimani kunajengwa sehemu ya kufulia yenye mabomba, mbali na konokono. Mafundi wameshamwaga zege.

Dawa tumeinywa Jumatano. Mtu husimamishwa kwenye mti wa kipimo, urefu wake ndio unaosema vidonge vingapi. Mama mkwe vitatu, mimi vinne. Vichungu! Tulikuwa kwenye foleni moja, mimi nyuma yake. Kageuka kanitazama, kasema kumbe mwanangu siku ile ulikuwa unaruka kwa ajili yangu. Nilitaka kumsahihisha. Nimeona ni utovu wa adabu. Leo kafagia uwanja wote akiimba, na mke wangu kaniongezea nyama bila kuombwa.

Nimejifunza mengi. Nimemwambia Profesa hivyo, na machozi yalinilengalenga.

Jioni Mabuti katugawia ratiba ya awamu ijayo. Uchunguzi wa minyoo. Nyumba zile zile kumi na mbili, watu wale wale. Safari hii vikopo vyenye kifuniko, na si haja ndogo.

Nimepita kumdokeza mwalimu mkuu mstaafu. Kafunga mlango taratibu.

Mabuti yangu nimeyaanika juu ya paa, yananibana sana. Vikopo nimevipanga chini ya kitanda, lebo safi, namba moja hadi kumi na mbili. Kosa la mara ile lilikuwa maji. Nimemwomba mke wangu aanze kupika maharage mengi kuanzia kesho, na apike kila siku kwa namna tofauti.