Kaburi Kwenye Ploti ya Yarrow

Jumatatu, 3 Februari

Habari mbaya imekuja na chai. Ubah, anayeuza chai langoni kwangu, anasema mji unataka kununua ploti ya mzee Yarrow uifanye bustani ya watu wote. Miti, nyasi, viti. Nimemuuliza viti vya nani. Amesema vya kila mtu, hata mimi nitakaa. Amefurahi sana. Mimi nimemrudishia kikombe kikiwa nusu.

Ploti hii mlinzi wake ni mimi. Ekari mbili za vumbi, ua wa miiba, kibanda changu cha mabati. Mchana nachimba vyoo vya watu, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Shimo. Jioni narudi kibandani, nalala bure. Kikiondoka kibanda, naondoka mimi. Na mama watoto anakuja kutoka Malaba mwezi wa nne, yeye na watoto wote. Nimemwandikia kwamba nina nyumba yenye uwanja. Uwanja si uongo.

Najib, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi hapa jirani, ameniita juu ya ukuta. Ameuliza kama nikihama nitamwachia godoro.

Sijala.

Jumatano, 5 Februari

Baraza la wakazi. Afisa wa mji amekuja na ramani. Akina mama wanataka bustani, watoto wao hawana kivuli. Wenye maduka wanataka vibanda vya biashara. Mzee Farah, mwenye mbuzi wengi, ameuliza kama mbuzi wataruhusiwa kuingia. Afisa amesema hapana. Mzee Farah akauliza: sasa hiyo nyasi ni ya nani?

Nikaona nafasi. Nimesimama, nimesema mimi ni mchimbaji, naijua ardhi ile, chini ni mwamba mtupu, hata mwiba unaota kwa shida. Watu wameanza kunisikiliza. Wengi wameitikia kwa kichwa. Halafu Ubah akamuuliza afisa kama bustani itakuwa na choo, na kila mtu akasahau mwamba.

Uamuzi ni wiki ijayo. Tukitoka, mzee Farah alikuwa akimwambia mtu habari ya uwanja mmoja ulioachwa kabisa, hakuna aliyethubutu kujenga, kwa sababu palikuwa na kaburi la msafiri asiyejulikana.

Nimetembea hadi nyumbani polepole. Nafikiria.

Ijumaa, 7 Februari

Saa saba mchana, mtaa wote uko msikitini. Hata Najib. Jua kali la kupasua kichwa. Nimechimba kidogo, nimefukia, nimeinua tuta zuri. Jiwe la kichwa, jiwe la miguu. Nimenyunyiza maji.

Kazi ya uangalifu. Najua Maka iko kaskazini, basi nimelielekeza kaburi kaskazini, limenyooka kama reli. Hakuna atakayesema Shimo hana heshima.

Msafiri asiyejulikana. Apumzike pema.

Jumamosi, 8 Februari

Najib ndiye aliyeliona kwanza. Saa mbili watu wamejaa. Nimesema nimelikuta tu, pengine upepo umefunua.

Amekuja Maalim Abdow, anayefundisha watoto Kurani. Mtu mpole. Amelitazama tuta, amelitazama jua, amelizunguka. Amesema hakuna Mwislamu aliyelazwa hivi. Wao hulazwa kwa kukingama, ubavuni, uso ndio unaoelekea kibla. Huyu amepeleka miguu. Akanigeukia kwa huruma. Huyu ni mtu wenu, Shimo?

Wote wananitazama. Nimesema ndiyo. Nimesema ni binamu yangu.

Kwa nini nimesema binamu?

Mchana Ubah ameleta anjera, chapati zao laini, na chai ya maziwa ya ngamia. Ameniambia pole, walal, yaani ndugu, na mbona ulimzika peke yako kama huna majirani. Mzee Farah ameleta mguu wa mbuzi. Mzee Yarrow amepiga simu. Amenipa pole kwanza. Kisha ameuliza ni nani alinipa ruhusa kuzika mtu kwenye mali anayotaka kuuza.

Nyama nimekula. Ilikuwa laini. Nimelia kidogo, wakadhani ni msiba.

Jumapili, 9 Februari

Polisi wawili. Wanataka jina la marehemu na kibali cha mazishi. Jina nimewapa, la mwalimu wangu wa darasa la tano. Kibali sina. Wameuliza alikufa kwa nini. Nimesema joto. Mmoja ameandika "joto" na kuchora mstari chini yake. Wameuliza nani alikuwa naye mara ya mwisho. Hapo ndipo nimeelewa tunazungumzia nini.

Jumanne wanafukua. Wanatafuta kibarua. Najib, bila kuulizwa, amewaambia mchimbaji bora mtaani yuko mbele yao.

Jumanne, 11 Februari

Nimechimba. Mimi mwenyewe. Polisi, daktari, afisa wa mji, Maalim, mtaa mzima wamezunguka.

Nimefika magotini. Hakuna kitu. Polisi wamesema endelea. Kiunoni. Endelea. Nikaendelea, maana kukiri kulikuwa kugumu kuliko kuchimba. Shingoni, Maalim aliinama akaniuliza taratibu: mwanangu, ulimweka wapi hasa?

Nimesema hayupo. Hakuwahi kuwepo.

Halafu mzee Farah akacheka mpaka akakaa chini. Akadai mguu wake wa mbuzi. Daktari amefunga mkoba. Polisi walitaka kuondoka na mimi, lakini Maalim aliwasihi. Alisema mtu akiwa mbali na kwao hufanya mambo ya ajabu. Nimepewa onyo. Siku hii sitaisahau.

Lakini afisa wa mji hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anafinyanga udongo nilioutupa juu. Laini, mweusi, una unyevu. Ameuliza mwamba uko wapi.

Alhamisi, 13 Februari

Bustani imepita. Waliokuwa wakiamini mwamba wameuona udongo kwa macho yao. Hata mzee Farah amekubali, baada ya kuahidiwa kwamba nyasi ikikatwa watapewa mbuzi wake. Yarrow anauza. Kibanda kinavunjwa mwisho wa mwezi.

Ila kuna jambo. Bustani itakuwa na mlinzi wa kudumu, na chumba cha mawe. Wanataka mtu mwenye mke anayeishi naye hapa, kwa kuwa akina mama watakuwa wengi. Najib ni kapera. Maalim amesema niombe, niseme ukweli tu, kwamba familia inakuja mwezi wa nne, mji utasubiri.

Mwezi wa nne ni mbali. Nimeandika kwamba mke wangu amekwisha kufika, yumo kibandani, ana kikohozi, hatoki nje.

Ubah amesikia. Kesho asubuhi anamletea mgonjwa supu, na mkewe Maalim atakuja naye. Sijashtuka. Kosa langu lilikuwa kutumia marehemu. Marehemu hufukuliwa. Mama watoto ni mzima kabisa, yuko Malaba, nani atamchimba?