Kengele Iliyosubiri Moja Kamili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Kaimu Makamu aliyetuma udhuru, mwalimu mkuu, walimu wakuu wastaafu na watarajiwa, wazazi, walezi, mashemeji wa wazazi, na wote ambao itifaki imewasahau lakini viti havikuwasahau: mimi, Mratibu Mkuu wa Mfumo Jumuishi wa Kengele ya Kidijitali, nawasalimu mara ya kwanza. (Makofi.) Nawasalimu mara ya pili. (Makofi machache.)

Nimekuja kutoa ufafanuzi kuhusu Jumanne, siku ambayo kengele haikulia, na mwalimu wa hisabati wa Darasa la Sita, kwa kuwa ni mtu wa nidhamu, akaendesha kipindi kimoja cha dakika arobaini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, akifundisha ile namba ya duara, pai, tatu nukta moja nne na kuendelea, ambayo kwa bahati mbaya haina mwisho. (Mama mmoja: "Binti yangu alirudi hajielewi. Bibi yake kamuuliza atakunywa vikombe vingapi vya chai, kasema vitatu nukta moja nne.") Nimelipokea, mama. ("Bibi kammiminia vitatu, kamwambia nukta atamalizia kesho." Kicheko.)

Ieleweke kwamba pai haina kosa. Pai ni namba ya kudumu: haihamishwi, haistaafu, haiombi likizo, na natamani watumishi wote wa idara yangu wangeiga mfano huo, ambao mimi binafsi nimeuiga kwa miaka kumi na tisa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Nilimwita fundi wetu wa programu, dada yule wa miwani aliyekaa nyuma. Akaniambia, "Mzee, shida ni moja ya kumi. Programu niliyokuonyesha inajumlisha sehemu ya kumi ya kipindi, mara kumi, halafu inasubiri ipate moja kamili ndipo igonge. Sasa kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na moja ya kumi haiwezi kuiandika kamili, kama wewe usivyoweza kumaliza kuandika theluthi kwa desimali. Kipindi kikiisha inapata sifuri nukta tisa tisa tisa, yaani tisa kumi na sita mfululizo. Moja kamili haiji, na kengele hailii." Nikauliza namba hizo zinaitwaje. Akasema ni za nukta inayoelea. Nikauliza inaelea wapi, na kwa kibali cha nani. Papo hapo niliunda kamati ya watu kumi na mmoja ya kuidhibiti nukta hiyo, na natangaza kwa unyenyekevu wangu unaofahamika kwamba udhibiti umefikia asilimia themanini na saba. (Fundi anasimama: "Mzee, lakini ile programu sijaifunga kwenye kengele yoyote, ni ya maonyesho tu—") Kaa, binti yangu, maswali yataletwa kwa maandishi.

Nikisema Kengele, mseme Dijitali. Kengele! (Watu watatu: "Dijitali.") Nidhamu ya nukta! (Kikohozi.)

Mwisho kabisa, shukrani za pekee zimwendee mama msafishaji wa shule hii, ambaye tangu muhula uanze amekuwa akigonga rimu ya lori nyuma ya stoo kila baada ya dakika arobaini, wakati mtambo wenyewe ukisubiri kuagizwa, na ambaye tangu Jumanne yuko kitandani na homa. Mama, tunakuombea upone haraka. Na kama yupo mzazi mwenye mkono mzito aliyekaa karibu na stoo, tunaomba atusaidie kugonga, maana saa kumi imepita na Darasa la Sita bado wamo ndani. (Wazazi wanakimbia.)

Asanteni kwa kunisikiliza.