Magauni ya Mashangazi wa Aline

Jumatatu, 28 Julai
Harusi ya Aline, binti wa marehemu kaka yangu, ni Jumamosi hii hapa Titye. Katika ukoo wetu, anayewavisha mashangazi wa bibi harusi ndiye anayepewa mrija wa kwanza kwenye chungu cha pombe ya mtama. Miaka yote ni shemeji Nduwayezu, kisa ana cherehani. Safari hii ni mimi! Nimeshatangaza mpaka kanisani. Nimenunua jora la poliesta nyeupe sokoni Kasulu. Inang'aa hiyo! Nitaitia rangi na kuipiga chapa mwenyewe. Mimi niliyempaka rangi mamba wa mto Malagarasi akiwa hai, nishindwe na kitambaa?

Jumanne, 29 Julai
Nimekwenda kwa Louise, mama wa Kikongo anayeuza rangi za batiki kambini Nyarugusu. Akachoma ncha ya kitambaa kwa kiberiti. Ikajikunja, ikanuka ndoo iliyoungua. Akasema, tonton, yaani mjomba, hii iko plastiki, rangi ya pamba haitaingia. Inataka rangi yake na kuchemshwa sana, na rangi hiyo hana mpaka aagize wiki mbili. Nikamwambia rangi haina macho, itajuaje hii ni pamba au siyo? Akanyoosha mkono apewe hela. Nimemshinda. Nikachukua ya kijani.

Jumatano, 30 Julai
Nimelowesha jora zima. Kijani ya ajabu! Nikasuuza. Maji kijani, kitambaa cheupe pee. Nduwayezu akapita njiani. Akanisalimia kwa Kiha, mwidiwe fundi, kisha akauliza, unatia rangi au unafua? Nikaendelea kusuuza. Watu wakubwa hatujibizani.

Alhamisi, 31 Julai
Nimegundua kosa. Kosa ni kusuuza! Leo nimekoroga rangi na uji mzito wa muhogo, nikalipaka jora lote, nikaacha likauke. Juu yake nikapiga chapa nyeusi ya ng'ombe wa pembe ndefu niliyoichonga kwenye kiazi kitamu. Dada Niyomwungere, mkubwa wa mashangazi, akasema mbuzi wametoka vizuri. Macho yake yameanza kuchoka, maskini.

Ijumaa, 1 Agosti
Nduwayezu kashona magauni matano. Amekubali kwa sababu mke wake ni mmoja wa hao mashangazi. Mikono yake imekuwa ya kijani hadi kwenye viwiko. Wivu huo. Nimewaambia dada zangu magauni haya hayafuliwi. Wakauliza hadi lini. Nikasema hadi milele.

Jumamosi, 2 Agosti
Siku kubwa! Mashangazi wameingia kama shamba la mahindi machanga. Wageni wa bwana harusi kutoka Mabamba wakasimama kutazama. Nikamsogelea Nduwayezu nikamwuliza kama anakiona chungu vizuri kutoka pale alipo.

Ngoma ikaanza. Dada zangu wakicheza wanacheza kweli. Jua kali, na poliesta haipitishi hewa. Jasho! Kufika wimbo wa tatu uji ukaanza kuteremka. Ng'ombe wote wakahamia chini kwenye pindo. Kufika wa tano magauni meupe, mashangazi kijani: shingo, mikono, miguu. Aline akacheka mpaka akamshikilia bwana harusi asianguke. Bibi mmoja wa Mabamba akauliza kama hii ndiyo mila ya Waha wa Titye.

Nikaeleza. Nikapanda kiti nikaeleza zaidi, nikaingiza na habari ya mamba. Dada Niyomwungere akaja na mkono wake wa kijani, akatumbukiza mrija wa kwanza chunguni, akanitia mdomoni. Akasema, Moses, nyonya, na usiuachie mpaka wageni waondoke.

Mrija wa kwanza! Mbele ya Nduwayezu! Nimeushika hadi jioni.

Jumapili, 3 Agosti
Kanisani mashangazi wote watano bado ni kijani. Wamesugua kwa jiwe, haitoki. Louise alisema haishiki, haya!

Baada ya ibada mwalimu Elie kaniletea jezi kumi na moja za nailoni za timu ya shule, niweke rangi na namba kabla ya mechi ya Kibondo. Nimekubali. Sharti langu ni moja tu: wachezaji wasitoke jasho.