Siku Alkesh wa Harrow Alipoishusha Picha ya Baba

Tulieni, enyi wenye nyumba nanyi mnaopanga, wekeni simu chini kidogo, niwasimulie vita vya Alkesh, simba wa Harrow, kitongoji cha ng'ambo, mzaliwa wa Mombasa, bwana wa ghorofa ya juu yenye vyumba viwili na taa ya choo ya kuvuta kwa kamba.

Sheria ya nchi ile humtaka mwenye nyumba ampe mpangaji karatasi zake kabla ya funguo: cheti cha gesi, cheti cha umeme, na kijitabu cha serikali. Hayo Alkesh aliyatimiza kishujaa, akazipanga mezani kama majeshi. Lakini alitakiwa pia ataje kasoro za nyumba, na hapo shujaa akatafuta pa kujificha. Ukutani pa chumba kidogo palikuwa na doa la ukungu, pana kama sinia. Naye, kwa ujanja uliompendeza mno, akatundika juu yake picha ya marehemu baba yake, imevishwa shada la maua. Nani angethubutu kumsogeza marehemu?

Akaja Restuta, muuguzi kutoka Bukoba, anayehama kwa sababu mwanawe ana pumu. Alipoiona picha alisimama, akainamisha kichwa, akampa Alkesh pole. Kisha akasema chumba hiki ndicho kitakachomfaa mtoto.

Hapo ndipo vita vilipopamba moto. Huku kodi, huku kifua cha mtoto wa watu, na katikati marehemu, akimtazama mwanawe kwa jicho lile lile alilokuwa akikagulia ripoti ya shule. Alkesh aliona haya, haya ya kweli. Mkewe Minal, aliyemkanya tangu asubuhi, alisimama mlangoni na birika la chai. Ndipo mkono uliowahi kulishinda bomba la jikoni ukanyanyuka, ukaishusha picha.

"Dada Restuta," akanena, "nimemfanya baba yangu pazia. Ukuta huu una unyevu. Usimlaze mtoto hapa."

Restuta aliutazama ukuta, akamtazama marehemu. "Asante kwa kuniambia, mzee," akasema. "Utengeneze kwanza, nitakungoja wiki hii kabla sijatafuta kwingine. Na baba umtafutie ukuta mkavu."

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba katika zama zetu, karibu na stesheni ya Harrow, mwenye nyumba alisema ukweli ambao hakuulizwa, na hakufa. Minal alimmiminia chai, akamwambia ampigie fundi kabla haijapoa.