Familia ni Gari Moja

Kwa furaha isiyo kifani nawatangazia wakaazi wote wa Maskati kwamba matembezi ya familia sasa yameanzishwa rasmi. Zamani watu walikuwa wakitembea hivi hivi tu. Mtu anaamka Ijumaa, anapakia mkeka, chupa ya kahawa, halua na watoto, anakwenda anakotaka na kurudi akichoka, bila ya fomu hata moja. Ushenzi huo umekwisha. Mimi, Mahfoudh bin Msellem, Naibu Mkurugenzi wa Mamlaka ya Matembezi ya Familia, ndimi niliyeumaliza.

Mamlaka ilikabidhiwa Nyumba ya Mikomamanga, kule Azaiba. Ni jumba kongwe la ghorofa mbili, lenye milango ya kuchonga na bustani inayonyweshwa kwa mfereji. Wizara iliagiza pawe pahala pa familia kustarehe. Agizo lilikuwa la mstari mmoja. Nikalikalia miezi kumi na moja, likazaa kanuni za kurasa arubaini na moja.

Kazi ilikuwa kujua familia ni nini. Msione mchezo. Muulize mtu wa kwetu familia yake ni nani, atakuhisabia watu mpaka walioko Unguja na Bujumbura, na bustani haiwatoshi. Kamati ilikutana mara tisa, na mara nne tuligombana mpaka chai ikapoa. Mwisho ufumbuzi nikautoa mwenyewe: "Familia ni watu waliofika ndani ya gari moja." Wajumbe walipiga makofi. Wenye magari mawili ni familia mbili, na wakitaka kuzungumza waombe kibali.

Kanuni ya saba ilisema wanaume watupu si familia, hata wakijaza basi zima, na hawaingii. Ya tisa iliipa kila familia ruhusa ya vifaa vitatu: gari la mtoto, chupa ya kahawa na mtumishi wa nyumbani. Vifaa vibandikwe karatasi ya manjano, vipitie lango la nyuma. Mjumbe mmoja alisitasita hapo kwenye mtumishi. Nikamweleza kuwa hilo ni la kiutawala tu, halina dharau ndani yake.

Kanuni kuu ziliandikwa kwenye ubao langoni. Fundi wa Darsait alitaka kuliweka jina langu chini, kwa herufi ndogo. Nikamwambia alipandishe juu na alitie rangi ya dhahabu, watu wajue wamshukuru nani.

Siwafichi: kiti cha Mkurugenzi kilikuwa kitupu tangu Ramadhani, na nilikitaka kwa roho yangu yote. Sheikh Muatasim, Wakili wa Wizara, angekuja Ijumaa kufungua nyumba, na kama mambo yangekwenda vizuri angenitangaza pale pale. Wakili kwetu hapa si yule wa mahakamani. Ni mkubwa wa pili baada ya Waziri. Joho la kutangaziwa nilikwisha kulishonesha.

Langoni nilimweka Ssekandi, kijana wa Kiganda, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hajui kupindisha mambo. Nilimwambia, "Hata akija nani, kanuni ni kanuni." Akayaandika maneno hayo kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, na kila akinawa aliyaandika upya.

Ijumaa baada ya alasiri nilisimama langoni na mkasi wa utepe juu ya sinia. Wa kwanza kufika alikuwa mama yangu, Bi Bakhita, ndani ya gari la dada yangu Hadeel, pamoja na wajukuu wawili na Nakalanzi. Nakalanzi ni msichana wa Kiganda anayemtunza mama mwaka wa tatu sasa. Anajua saa za dawa zake na goti lipi linauma. Mama alishuka ameuegemea mkono wake.

"Karibuni," alisema Ssekandi. "Lakini huyu dada apitie nyuma. Yeye ni kifaa." Akabandua karatasi ya manjano, akambandika begani.

"Ni nini?" mama aliuliza.

"Kifaa, mama."

"Mahfoudh! Anasema nini huyu?"

"Mama, ni la kiutawala tu. Hata chupa ya kahawa inabandikwa."

"Ati! Na nkitaka kwenda msalani, chupa ya kahawa ndo itanishika mkono? Wewe mara ya mwisho tulishikana mikono lini? Ulipokuwa unajifunza kwenda, na hapo mimi ndo nliyekushika wewe."

Nilitazama sinia. Mama akamwambia Nakalanzi, "Miwani nimeisahau. Nsomee ubao huo, mwanangu."

Nakalanzi alisoma polepole, kidole hewani. "Familia ni watu waliofika ndani ya gari moja."

"Sisi tumefika na gari ngapi?"

"Moja, bibi."

Ssekandi alikuja mwenyewe kuutazama ubao. Akaurudia mstari ule kwa midomo tu, kisha akaibandua karatasi begani mwa Nakalanzi.

"Ni familia, bosi. Kanuni ni kanuni." Akaandika daftarini. "Mmeingiza gari la mtoto na chupa. Mmebakiwa na nafasi ya kifaa kimoja."

Wakaingia kwa lango la mbele, wote watano. Nilivumilia. Nilijua Jumapili nitalirekebisha kwa waraka.

Kisha likaja gari jeusi. Alishuka Sheikh Muatasim, na katibu wake, na dereva. Ssekandi akanyoosha mkono.

"Familia iko wapi?"

"Ssekandi!" nilimkemea. "Huyu ni Wakili!"

"Wakili wa kesi gani, bosi? Kama ni ya yule dada, imeisha. Khalas."

"Wakili wa Wizara!"

"Sawa, lakini hata mawakili wanaoa. Alete bibi yake na watoto. Hawa ni wanaume watupu."

"Mfungulie, nakwambia!"

Ssekandi alifungua kiganja tu, akanionyesha.

Sheikh Muatasim, ambaye babu zake walikaa Pemba na Kiswahili anakijua vilivyo, aliniuliza kwa upole unaotisha, "Mahfoudh, iko njia ya mimi kuingia nyumba niliyoitwa kuifungua?"

Nilianza kupekua kurasa arubaini na moja. Kabla sijafika ya kumi, sauti ya mama ilitoka nyuma ya uzio, alipokuwa ameshatandika mkeka chini ya mkomamanga.

"Sheikh! Sisi tunayo nafasi ya kifaa kimoja. Lakini itabidi upitie nyuma."

Wakili akazunguka nyuma. Ssekandi akambandika karatasi ya manjano kifuani, akaandika daftarini: *Kifaa namba tatu. Wakili, mmoja. Hana ufa.* Nilimfuata mbio.

"Nafasi za vifaa zimejaa, bosi," alisema Ssekandi, akafunga lango.

Nikabaki nimeshika uzio. Sheikh Muatasim alikaa mkekani, akavua viatu.

"Haya, kifaa," mama alimwambia, "mmiminie Nakalanzi kahawa. Leo kasimama sana."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua Wakili anacheka, chupa ya kahawa mkononi, anamimina. Akanywa na yeye, kisha akauliza, "Kanuni hizi kazitunga nani?"

Ssekandi alinyoosha kidole kwenye ubao, kwenye dhahabu. Wakili aliinuka, akausogelea, akausoma kwa kuinua shingo: jina, jina la baba, na cheo. Pale kwenye "Naibu" alikawia kidogo.

"Cheo hiki," alisema, "kinamtosha."

Mkasi ulikuwa nje na mimi. Utepe wa mlango wa jumba ukakatwa kwa kisu cha makomamanga, na aliyepewa kisu ni Nakalanzi. Watoto walipiga vigelegele.

"Mama!" niliita. "Waambie wanifungulie! Mimi familia yangu ni nyinyi!"

Mama aliacha kumenya komamanga lake. Akamgeukia Nakalanzi.

"Eti, tulikuja naye garini?"

"Hapana, bibi."

"Basi," alisema mama, akaendelea kumenya.